Mbeya hadi Iringa kwa Pikipiki, Kabla Mwezi Haujaandama

Tangu nirudi, ninyi wawili wa barazani kwangu mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa jibu lake. Mmoja nimemwambia pikipiki imeharibika. Mwingine nimemwambia barabara ni mbovu. Na aliyeuliza habari za Mama Mwajuma nimemwambia hajambo, anawasalimu. Hayo yote ni kweli isipokuwa hizo salamu. Nimechoka kuwakatia habari vipande vipande, kwa hiyo naandika safari nzima mara moja mpate kusomeana, kisha nawaomba msiniulize tena.

Mbeya, kabla ya kuondoka

Kwanza niwatoe katika uongo wangu. Mama Mwajuma hakwenda Iringa kumwuguza mama yake. Nilimwacha, tena kwa sababu ya pikipiki.

Mnajua kazi yangu ni viatu. Kijana mmoja Mgiriki wa mashamba ya kahawa aliniletea kiti cha pikipiki yake kimechanika, nikakishona kwa uzi wa nta, mishono miwili miwili. Nilipokwenda kukifunga mahali pake ndipo nilipokiona chombo chenyewe. Kilikuwa chekundu, chembamba, tangi lake refu limebonyea pande mbili ili magoti yabane, usukani mfupi umeinama chini kama pembe za kondoo. Kiti kilikuwa kimoja tu, cha mtu mmoja, maana pikipiki yenyewe ilitengenezwa kwa mashindano ya huko kwao. Injini yake ilikuwa ndogo kabisa, mtungi wake wa moto, yaani silinda, si mkubwa kuliko kikombe cha chai.

Kijana alikuwa anarudi kwao na alitaka kuiuza. Akaniambia, "Mzee Salehe, hii ndiyo pikipiki ya mtu anayeanza. Ni nyepesi, ikianguka utaiinua mwenyewe. Ni fupi, miguu yote miwili inafika chini. Na nguvu yake ni ndogo, haiwezi kukuua."

Akanionyesha gia tatu zinazobadilishwa kwa ncha ya kiatu, na namna ya kuipiga teke iwake. Akanieleza kwamba injini ile haina oili yake peke yake. Oili unaichanganya na petroli humo humo tangini, kikombe kimoja kwa vikombe ishirini. Mwisho akasema, "Lakini usiiendeshe kwa woga. Ukienda polepole mno plagi inashika masizi, inazima. Hii inataka kukimbia."

Mimi nina miaka hamsini na miwili. Nikaichukua.

Niliileta nyumbani jioni ile mwezi wa Idi ulipoandama. Uani palijaa wanawake wakipika. Mama Mwajuma akaizunguka mara moja, mwiko mkononi, akauliza, "Baba Mwajuma, na mimi nitakaa wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikamwambia akae anapotaka. Akasema, "Mzee mzima utaanguka nacho hicho. Kikilala humu ndani, mimi na wewe basi." Na kwa kuwa watu walikuwa wanasikia, nami nikajiona mwanamume, nikasema, "Basi nimekuacha, talaka moja." Kicheko kikakatika. Yeye akaweka mwiko vizuri juu ya sufuria, akaingia ndani kufunga nguo zake. Siku ya tatu kaka yake, Sefu, akaja kumchukua kwenda Iringa, na wale wanawake wa uani wakatuhifadhia siri.

Majuto yalinishika kabla vumbi la basi lao halijatua. Lakini nilikuwa na miezi mitatu. Mama Mwajuma ameshapita umri wa kuzaa, na mwanamke wa namna hiyo eda yake huhesabiwa kwa miezi ya angani. Mfungo mosi, ndio ule wa Idi, kisha mfungo pili, mfungo tatu. Kabla mwezi wa mfungo nne, unaofungua mwaka wa Kiislamu, haujaandama, mume anaweza kumrejea mkewe bila mahari wala ndoa mpya. Ukiandama, basi, mwanamke yu huru. Nami nilijua kwamba nikitaka kumrejea sharti niende nikasimame mbele yake, nimwambie kwa kinywa changu.

Mwezi wa kwanza nilingoja alete mtu wa kuniomba. Hakuleta. Mwezi wa pili nilikasirika kwa kuwa hakuleta. Mwezi wa tatu niliutumia kujifunza pikipiki uwanjani, ninyi mkinicheka. Basi la Iringa lilikuwapo, nalijua, ningepanda siku yoyote ningefika. Lakini nilitaka anione nikiingia nayo, nimekaa wima, sijaanguka. Ikabaki siku nne mwezi uweze kuonekana, nikaondoka.

Jumanne: Mbeya mpaka Chimala

Niliondoka jua limechomoza, baridi ya Mbeya mnaijua. Kwa usukani ule mtu hakai wima hata akitaka. Unalalia tumbo juu ya tangi, kichwa mbele, makalio nyuma, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hadi Uyole mgongo ulikuwa umeshanikatika.

Wepesi aliousifu yule kijana niliuonja lori la kwanza liliponipita. Upepo wake ulinisukuma hadi majanini, na vumbi likanifunika hata nisijue barabara iko upande gani. Nikaogopa, nikapunguza moto. Baada ya mwendo mfupi injini ikakohoa, ikazima. Nikafungua plagi, nyeusi tititi. Nikaikwangua kwa kisu changu cha ngozi, nikairudisha, nikapiga teke hadi goti likauma, ikawaka. Lori lingine likapita, nikaogopa tena, nikapunguza tena, ikazima tena. Kabla ya kufika Igurusi nilikuwa nimekwangua plagi mara saba. Lile onyo la yule kijana nililikumbuka kila mara, lakini mkono wangu ulikataa katakata kukaza moto.

Nilifika Chimala wakati wa magharibi, uso umekuwa wa udongo. Akanipokea Maalim Shabani, mfanyabiashara wa mchele na petroli, ambaye asubuhi husomesha watoto wa Waislamu wa pale. Hatukuwa tunajuana. Aliona mtu wa kanzu chafu anasukuma pikipiki, ikatosha. Nikaletewa maji ya moto, wali wa Usangu na samaki wa mtoni.

"Iringa kuna nini, ndugu yangu, hata ujitese hivi?" akaniuliza.

Nikatazama sinia. Nikasema, "Harusi."

"Alhamdulillahi! Ya nani?"

"Ya jamaa," nikasema, nikamega samaki.

Jumatano: Chimala mpaka Igawa

Nilitaka kuondoka alfajiri. Lakini mgeni wa harusi haachiwi aondoke mikono mitupu. Ikangojwa chai, ikangojwa mikate ya kumimina, kisha Maalim akaagiza mchele ukapepetwe upya, ukatiwa kwenye mfuko. "Huu wa bibi harusi," akasema. Akaufunga mwenyewe mgongoni kwangu kwa kuwa nyuma ya kile kiti hapakuwa na pa kuweka hata kofia. Niliona haya kuupokea, lakini kumwambia ukweli niliona haya zaidi. Saa nne ya asubuhi ilikuwa imepita aliponishika mkono akiniaga.

"Nimekufanyia hisani kidogo," akasema akitabasamu. "Utaiona mbele ya safari."

Nami niliiona. Pikipiki iliwaka kwa teke la kwanza. Haikutoa moshi wala kukohoa, na plagi haikuziba. Barabara ya pale imenyooka, ni tambarare, nikajikaza kisabuni, nikakaza moto, ikakimbia. Jamani, ilikimbia! Wafugaji walisimama kunitazama. Kwa muda huo mfupi nilijiona nimeshafika kwa Sefu, Mama Mwajuma amesimama mlangoni, na neno langu nimeshalisema. Sijawahi kufurahi hivyo tangu Mwajuma azaliwe.

Nimeipita Igawa kidogo, mlima unaanza, nikasikia mlio kama chuma kinachosagwa. Gurudumu la nyuma likakamata palepale. Nikala mwereka, mchele ukapasuka, nikawa nimelala barabarani katikati ya mchele wa bibi harusi.

Nilipofungua tangi nikaona petroli nyeupe safi kama maji ya kisima. Ndipo nikaelewa. Maalim aliitazama petroli yangu, akaiona imechafuka kwa oili. Akadhani mgeni wake haoni, au hana uwezo wa kununua safi. Akaimwaga yote, akanijazia petroli safi dukani kwake, na kwa adabu hakutaka kujitangaza. Injini ilikimbia vizuri kwa kuwa ilikuwa inakimbia kavu, ikijila yenyewe.

Sikuweza kumlaumu. Kama ningemweleza chombo changu kinakula nini, asingefanya. Lakini nilikuwa nimekaa kwake usiku mzima nikichunga ulimi.

Nilikaa pale hadi alasiri, chuma kikapoa. Nikatia oili kutoka chupa yangu, nikasukumasukuma, injini ikaachia. Iliwaka, lakini kwa mlio wa maharage ndani ya kopo, na nguvu imekwisha. Nikarudi kulala Igawa, kiwiko kimevimba.

Alhamisi: Igawa mpaka Mafinga

Kupanda nchi ya Wabena ilikuwa kwa miguu. Penye mteremko niliipanda, penye mwinuko niliisukuma, na huko milima ni mingi kuliko mabonde.

Tena kulikuwa na salamu. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima humpiti bila kumwamkia, na watu wa huko nao ni hivyo hivyo, wanasimama kabisa kando ya njia wakikungojea. Nilipojaribu kuinua mkono mmoja nikiwa juu ya ile pikipiki, usukani mfupi ule ukageuka, nikaanguka mbele ya wazee watatu. Wakaja kuniinua, na salamu zikaanza upya. Kuanzia hapo kila nikiona mzee nilisimama, nikazima, nikashuka. "Kamwene." "Kamwene, baba." Habari za nyumbani, habari za mvua ambayo haijafika wakati wake, habari za chombo hiki kinakula nini. Kisha nipige mateke ishirini iwake. Niliwachukia wote, na wote walikuwa wema kwangu. Najionea aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimeivuka Makambako mbali, injini ikakataa kabisa. Lori la mbao likanichukua hadi Mafinga, mimi na pikipiki juu ya mbao. Dereva aliishia hapo. Kiza kilikuwa kinaingia, baridi inauma mifupa, na mwalimu mmoja wa Kilutheri aliyekuwa anatoka kanisani na baiskeli yake akasimama kando yangu.

"Wewe baba unalala wapi?"

"Sina pa kulala."

"Basi twende nyumbani. Pikipiki hii bovu tunasukuma wote."

Jina lake Mwalimu Elia. Mkewe aliniandalia moto, viazi na maziwa, nikalala kama mzigo.

Ijumaa: Mafinga mpaka Ipogolo

Hii ndiyo siku ya mwezi. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Usipoonekana jioni ile, ningekuwa na siku moja zaidi. Niliamka nikatoka nje kutafuta mawingu. Mbingu ilikuwa tupu.

Nilimuaga Mwalimu Elia, akashangaa. "Hapana, baba! Jana umekula viazi tu. Mama anasema mgeni hawezi kuondoka hajala nyama. Lakini sisi tunajua ninyi Waislamu hamli nyama tumechinja sisi. Kwa hiyo kuku utachinja wewe mwenyewe."

Akanipa kisu kimeshanolewa. Ni heshima kubwa, naijua, maana mtu anakukabidhi kisu chake na kuku wake ili ule kwa amani ya dini yako. Lakini jogoo mwenyewe alikuwa hajakamatwa. Mwalimu, mkewe na majirani wawili walimkimbiza kati ya mahindi makavu, mimi nimesimama na kisu mkononi, jua likipanda. Nilisema nina haraka, mkewe akanijibu, "Haraka gani inashinda tumbo?" Nikasema kuna mtu nataka kumwahi. "Mgonjwa?" Nikasema hapana. "Basi atakungoja."

Nikamchinja jogoo, nikangoja anyonyolewe, apikwe, nikamla na ugali, machozi yakinilengalenga. Mwalimu akadhani ni pilipili, akaniletea maji.

Niliondoka jua limeshapita utosini. Mwalimu alikuwa ameikwangua plagi usiku ule kwa msasa, nayo pikipiki ikanionea huruma kidogo. Kutoka Mafinga njia inateremka sehemu nyingi, nikaiachia iserereke. Sikuogopa tena malori wala vumbi. Nilikuwa nimechelewa kuogopa. Ifunda niliipita bila kusimama, na wazee wote wa Ifunda wanisamehe.

Ipogolo

Nilivuka daraja la Ruaha Mdogo jua likiwa kiganja kimoja juu ya vilima. Juu yangu ulikuwa mji wa Iringa, nyumba ya Sefu iko karibu na soko, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Uliobaki ni ule mpando mmoja.

Nikatia gia ya kwanza, nikakaza moto wote uliokuwapo. Ikapanda hatua hamsini, ikapiga kelele, ikafa. Nikashuka nikaisukuma. Wale wanaosema ni nyepesi hawajaisukuma kupanda Iringa, wakiwa na uchovu wa siku nne na kiwiko kimevimba. Kila hatua kumi nilipumzika, na kila nilipopumzika nilitazama jua. Lilizama mimi niko nusu ya mlima.

Mtu mmoja wa kanzu alikuwa anateremka, nyuma yake wanafunzi wake wa chuoni. Wakasimama kwenye kona panapoonekana magharibi. Mmoja akapaza sauti, "Ule pale!" Yule mwalimu wao akainua viganja akaomba dua, kisha akanigeukia kwa uchangamfu.

"Umeandama, mzee wangu. Mwaka mpya huo."

Nilitazama. Ulikuwa mwembamba mno, umelala juu ya kilima kama kipande cha ukucha. Nikailaza pikipiki mtaroni, wala sikufunga petroli, nikaanza kukimbia. Kwa nini nilikimbia sijui.

Iringa

Sefu alinifungulia mlango. Alinitazama vumbi, damu kavu, kanzu iliyochanika, akanikaribisha chumba cha mbele bila kuuliza. Nyuma ya pazia nilisikia vikombe vinapangwa, nikajua mikono ni ya nani. Sikukaa. Nikasema kwa sauti, mbele ya pazia, "Mama Mwajuma, nimekurejea."

Vikombe vikanyamaza.

Sefu akasema polepole, "Shemeji, mwezi umeandama."

"Naujua! Nilikuwa hapo chini Ipogolo. Nimechelewa nusu saa. Siku nne niko njiani ili niseme neno hilo mbele yake."

"Mbele yake?" Sefu akanitazama kama anayetazama mtu wa homa. "Nani alikuambia lazima iwe mbele yake? Rejea ni neno, shemeji. Ungekaa palepale Mbeya ukasema nimemrejea mke wangu, watu wawili wakakusikia, ingetosha. Hata ungekuwa peke yako ungekuwa umemrejea. Miezi yote mitatu alikuwa mkeo kwa neno lako tu."

Hakuna aliyeniambia. Hilo ndilo jibu. Nilijitungia mwenyewe kichwani, mimi niliyetoroka chuo cha Kurani utotoni, na sikumwuliza yeyote kwa kuwa kuuliza ilikuwa kukiri kwamba nimeacha mke kwa sababu ya pikipiki. Maalim Shabani alikaa mbele yangu sinia moja, nikamwambia harusi. Na ninyi wawili mlikuwa barazani kwangu kila jioni, mkinywa kahawa yangu, jioni zaidi ya themanini. Ningesema maneno matatu kati ya kikombe na kikombe, mke wangu angepanda basi akarudi.

"Sasa iko njia moja," Sefu akasema. "Ndoa mpya. Lakini jana lilikuwa neno lako. Leo ni lake."

Ndipo aliposema yeye, nyuma ya pazia, kwa sauti ile ile ya kuniambia chakula kiko tayari.

"Miezi mitatu nimekaa hapa nikijua ni neno moja. Kila mtu aliyetoka Mbeya nilimwuliza, amesema? Hajasema. Nikajiambia hanitaki, nikalia, nikamaliza. Leo nasikia kumbe ulinitaka, ila uliona haya kuuliza. Siku uliyoniacha uani palijaa watu, hukuona haya." Nikasikia vikombe vinapangwa tena. "Ridhaa yangu sitoi."

Nilimsihi. Nilisema yote niliyoyajua na mengine nisiyoyajua. Pazia halikutikisika. Baadaye mke wa Sefu akaniletea chakula, nikalala chumba cha wageni katika nyumba ambamo nilikuwa shemeji.

Asubuhi Sefu alinisindikiza nje kwenda kupanda basi. Mama Mwajuma alitoka mlangoni amejitanda buibui, uso ameufunika kama anavyofunika kwa wanaume wa nje. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu hakuwahi kutamka jina langu. Nilikuwa Baba Mwajuma alipocheka, na Baba Mwajuma alipokasirika, na kabla Mwajuma hajazaliwa alikuwa ananiita wewe.

"Bwana Salehe," akasema, "safari njema."

Nikamjibu, "Ahsante, Bi Zainabu," kwa kuwa sikuwa tena na jina lingine la kumwita.